Ubuyu una kalsiamu kushinda maziwa? Tupige hesabu kabla hamjauziwa kopo

Mchumi_wa_Sahani (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kuna meseji inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, na wauza virutubisho nao wameidaka, kwamba unga wa ubuyu una kalsiamu zaidi ya mara mbili ya maziwa, potasiamu mara tatu au nne ya ndizi, vitamini C mara sita ya chungwa, halafu chini kuna namba ya simu na bei ya kopo ambayo ukiiona unakaa chini kwanza. Mi nimesomea mambo ya chakula na nimekulia Dodoma, huko ubuyu tunaokota chini ya mti tu, kwa hiyo sina ugomvi nao hata kidogo, naupenda kuliko pipi. Ila hizi namba zinachezewa na watu wanalipia hela, ndo maana nimeona nishushe uzi.

Naanza na haki yao. Namba zenyewe sio za kutunga. Unga mweupe wa ubuyu usiotiwa kitu, gramu 100 zinakuwa na kalsiamu kama miligramu 300, wakati maziwa ya ng'ombe ya kunywa gramu 100 yana kama 120. Potasiamu ya ubuyu inaanzia kwenye 1,200 hivi na kuna vipimo vimepita 2,000, ndizi mbivu iko kwenye 360. Vitamini C inacheza kwenye 280 mpaka 300, ingawa inapanda na kushuka sana kati ya mti na mti, chungwa ni kama 50. Kwa hiyo aliyeandika ile meseji hajadanganya hata mstari mmoja. Na hapo ndo anapokupata.

Ujanja uko kwenye maji. Buyu linakaukia lenyewe juu ya mti, likidondoka ukilipasua hukuti juisi humo, unakuta vipande vyepesi vyeupe vinachagana na zile nyuzi nyekundu, maji yake ni asilimia 10 mpaka 15 tu. Maziwa ni maji asilimia 87 au 88, chungwa hivyo hivyo, ndizi kama 75. Sasa unachukua kitu kikavu kabisa unakiweka kwenye mzani mmoja na kitu kilichojaa maji halafu unatangaza mshindi, hiyo mechi gani? Ukitaka mechi ya haki mlete ubuyu na maziwa ya unga, maana wote ni unga. Maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta yana kalsiamu miligramu 900 na ushee kwa gramu 100. Tatu moja, refa amalize mpira.

Halafu hakuna mtu anakula gramu 100 za unga wa ubuyu kwa siku. Kijiko kikubwa kilichojaa ni kama gramu 8 mpaka 10. Tuseme 10 ili hesabu iwe rahisi: unapata kalsiamu kama miligramu 30, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Glasi ya maziwa robo lita inakupa 300 kwa mkupuo. Ili uifikie hiyo glasi kwa ubuyu peke yake itabidi ule vijiko kumi, na kwa kuwa karibu nusu ya ule unga ni nyuzinyuzi, tumbo litakuwa na maoni yake kabla hujafika cha sita. Kwa hiyo mama anayeambiwa amwachishe mtoto maziwa ampe ubuyu kwa sababu ya mifupa, huyo anapotezwa kabisa.

Sasa msije mkasema naponda. Ukiuweka ubuyu na wenzake, yaani matunda makavu, ndo unaona ni tunda la ajabu kweli. Tende tunayofuturia ina potasiamu kama 650 mpaka 700 na kalsiamu haifiki hata 70. Zabibu kavu potasiamu kama 750, kalsiamu 50. Tini kavu ndo ina jina kwa kalsiamu, nayo inaishia kama 160. Ukwaju wetu potasiamu 630, kalsiamu 74, magnesiamu 92 ambayo si haba. Ubuyu kalsiamu 300, potasiamu 1,200 kwenda juu, magnesiamu kwenye vipimo vingi ni kuanzia 90 na kuendelea, sodiamu kidogo sana. Mkavu kwa mkavu hakuna anayemgusa hapo kwenye potasiamu na kalsiamu. Hilo ndo la kujivunia, na cha kushangaza sijawahi kuona tangazo linalosema hivyo, wao wamekomaa na maziwa na ndizi tu.

Hizi kelele za kopo zina historia yake pia. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kwao kama chakula kipya, mwaka uliofuata Marekani nao wakafungua mlango. Chakula kipya! Watu wa Senegal wanakunywa bouye yao miaka nenda rudi, Malawi wana juisi ya malambe, Sudan wana gongolez, sisi tuna wa kumung'unya darasani kwa kujificha. Basi tangu hapo wafanyabiashara wakahitaji maneno ya kuandika kwenye kopo la mzungu, zikapatikana hizi "mara mbili, mara sita", halafu zikaturudia huku tukauziwa sisi wenye miti.

Kuna na suala la madini chuma, ila hilo lina mambo mengi, mwenye swali aulize.

mama_wawili

Mleta uzi asante sana. Naomba nikuulize hapo hapo kwenye chuma. Nina mimba ya miezi mitano, damu yangu iko chini, kliniki nimepewa vidonge lakini vinanichafua tumbo na choo kinakuwa kigumu mpaka naogopa. Jirani ananiambia achana na vidonge kunywa juisi ya ubuyu asubuhi na jioni damu inapanda. Ni kweli ama?

Mchumi_wa_Sahani

Dada usiache vidonge. Nikupigie hesabu. Chuma kwenye unga wa ubuyu kinatajwa kuanzia miligramu 1 mpaka kama 10 kwa gramu 100. Tuchukue ile ya juu kabisa, 10, kijiko chako kikubwa kina miligramu 1. Mjamzito anatakiwa kupata kama 27 kwa siku, na kile kidonge kimoja kina 30 mpaka 60. Na hiyo moja ya kwenye ubuyu sio kwamba yote inaingia kwenye damu, chuma cha mimea mwili unachukua kidogo.

Ila juisi ya ubuyu ina kazi nyingine ambayo jirani yako hajaisema. Vitamini C inausaidia mwili kunyonya chuma kilichoko kwenye maharage, choroko, mchicha na hata kwenye ugali wa dona. Lakini lazima viwe tumboni pamoja, sio ubuyu asubuhi na maharage usiku. Kwa hiyo kunywa glasi ya ubuyu pamoja na mlo wa maharage, na chai isogeze mbele saa moja au mbili baada ya kula maana chai inazuia kile chuma kisinyonywe. Nyuzinyuzi za ubuyu zinaweza pia kukusaidia hapo kwenye choo, kunywa maji mengi tu. Na hayo ya tumbo kuchafuka rudi kawaambie kliniki, kuna namna ya kubadilisha muda au aina ya kidonge, usikae nayo kimya.

Mzee_wa_Mpwapwa

Hahaha sasa hizi miligramu babu zetu walizijua wapi? Njaa zimepita huku kwetu watu wakala ubuyu na majani yake wakabaki hai. Nyinyi wasomi mnapima pima mpaka ladha inaisha.

Mchumi_wa_Sahani

Mzee wangu shikamoo. Umegusa kitu kizuri bila kukusudia, majani. Kwa kalsiamu majani ya mbuyu ndo baba lao, makavu yanapimwa yakakutwa na zaidi ya gramu nzima kwa gramu 100, yanauacha ubuyu wenyewe mbali. Kule kaskazini mwa Nigeria wanayakausha wanayasaga wanapikia mchuzi wa kuka karibu kila siku. Huku kwetu tukiyala tunaona aibu, tunasema ni chakula cha njaa. Kwa hiyo hao babu hawakupima, ila walikuwa wanakula sehemu ya mti yenye kalsiamu nyingi zaidi, na leo tunanunua kopo la ile yenye kidogo.

Mzee_wa_Mpwapwa

Marahaba. Hapo umenena. Na maganda je? Sisi nyumbani maganda ya mabuyu yalikuwa hayatupwi, yanachomwa, majivu yanachujwa maji yake yanatiwa kwenye mboga ilainike, na wengine walikuwa wanatengenezea sabuni.

Mchumi_wa_Sahani

Ndo potasiamu hiyo hiyo mzee! Ganda limejaa potasiamu, ukilichoma majivu yanakuwa makali, maji yake yanateleza mkononi, yanalainisha mboga kama magadi na yakikutana na mafuta yanatoa sabuni. Kabla ya maabara hicho ndo kilikuwa kipimo cha madini.

bint_maabara

Naongezea hapo maana ni kazi yangu ya kila siku. Hata maabara bado tunachoma tu mzee. Unga unawekwa kwenye tanuru nyuzi 550 unaungua mpaka yanabaki majivu meupe au ya kijivu, kila kitu kinaondoka, sukari, nyuzinyuzi, vitamini, kinachobaki ndo jumla ya madini. Kwa ubuyu yanabaki kama gramu 5 kwa kila 100, ambayo kwa tunda ni nyingi. Halafu yale majivu yanayeyushwa kwenye asidi na mashine inasoma kila madini peke yake.

Sasa kuhusu ile 1 mpaka 10 ya chuma. Miti inatofautiana na udongo unatofautiana, sawa, lakini tofauti ya mara kumi kwa tunda moja inanipa mashaka. Mara nyingi ni uchafu. Buyu limepasukia chini, unga umetwangwa kwenye kinu kilichopakwa vumbi jekundu la huko huko, au umesagwa kwenye mashine ambayo vyuma vyake vimelika, na udongo wetu una chuma kibao. Punje za mchanga ambazo huzisikii hata kwenye meno zinatosha kupandisha namba. Njia moja ya kugundua ni kuangalia aluminiamu, mmea hauna aluminiamu nyingi, ukiona imepanda pamoja na chuma basi hapo umepima udongo. Na chuma cha udongo mwili hauna habari nacho, kinapita. Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti kinasema ubuyu wake una chuma kingi kuliko wa wenzake, mi ningemuuliza anatwangia wapi.

Pwani_Damu

Uzi mtamu huu, umejaa madini kwelikweli lol. Niko Kilifi, huku kwetu twasema mabuyu na watoto wote wala yale ya rangi nyekundu ya shilingi kumi, ulimi wote waiva. Sasa na hayo yana hiyo potasiamu ama tushaharibu kwa sukari?

Mchumi_wa_Sahani

Madini hayaharibiki kwa sukari wala kwa moto mkuu, kalsiamu ikipikwa ni kalsiamu tu. Tatizo ni kiasi. Ile punje ya ubuyu wa rangi ukiipima, uzito mwingi ni kokwa ambayo mtoto anaitema, halafu juu kuna sukari iliyochemshwa na rangi na iliki na pilipili manga, ubuyu wenyewe ni utando mwembamba katikati. Na kwa kuwa umepikwa kwenye shira ya moto, vitamini C nayo imepungua. Kwa hiyo ni pipi, tuule kama pipi. Wa Zanzibar ule wenye pilipili siuachi mimi, ila sijidanganyi kwamba napata madini.

Ukitaka faida yote roweka ubuyu kwenye maji ya uvuguvugu, koroga kwa mkono mpaka kokwa zibaki uchi, chuja, basi. Kwenye uji weka unga ukishaipua, usiuchemshe nao.

mtu_wa_Salalah

Nawasoma kutoka Oman. Kwa taarifa yenu hata huku Dhofar mibuyu ipo, kuna bonde karibu na Mirbat imesimama kabisa, watu wanapelekwa kutembea kuiona. Unga tunanunua kwa Wasudani. Swali langu, kuna siku unakuja mweupe, siku nyingine umeshika rangi ya kahawia na kama una uwaridi kwa mbali. Ule wa kahawia umekufa?

Mchumi_wa_Sahani

Haujafa ila umezeeka au umepata unyevu. Madini yako pale pale hayaendi popote, kinachoshuka ni vitamini C na ladha. Kama hauna harufu ya ukungu na haujaganda mabonge unalika. Ukifika nyumbani utie kwenye chupa inayofunga vizuri, mbali na jua, na kijiko kibichi kisiingie.

kijana_wa_figo

Wakuu naomba niweke tahadhari maana naona kila mtu anasifia potasiamu. Mzee wangu figo zimechoka, yuko kwenye kusafishwa damu. Alipoanza tulikatazwa ndizi, maji ya dafu, viazi visivyochemshwa na kumwaga maji, na juisi za namna hii. Ndugu walikuwa wanakuja hospitali na chupa ya ubuyu kwa mapenzi kabisa eti inaongeza nguvu, ikabidi niwe mkali nionekane mbaya. Kwa mtu wa figo potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama ghafla, hiyo sio mchezo.

Mchumi_wa_Sahani

Umefanya vizuri sana kuliandika hili na pole kwa kuuguza. Kwa mtu mwenye figo nzima potasiamu ni rafiki wa presha, wengi wetu tunakula chumvi nyingi na potasiamu kidogo, lengo ni kama miligramu 3,500 kwa siku na wachache wanazifikia. Lakini figo ikigoma hakuna wa kuitoa nje. Na wapo wanaomeza dawa fulani za presha ambazo zenyewe zinabakiza potasiamu mwilini, hao pia wamuulize daktari wao kabla ya kuanza vijiko vitatu vitatu kila siku. Glasi moja yenye vijiko viwili ni potasiamu 240 kwenda juu, sio sumu kwa mtu mzima wa afya, kwa mzee wako ni nyingi.

Mama_Ntilie_Digitali

Mimi nauza juisi mjini, kokwa nazimwaga kila siku ndoo nzima roho inaniuma. Zina chochote?

Mchumi_wa_Sahani

Zina, tena nyingi. Ndani ya kokwa kuna mafuta, protini, fosforasi na magnesiamu ambazo zinaupita ubuyu wa nje. Shida ni gamba gumu, halafu kokwa nyingi zina faiteti, kitu kinachoshikilia chuma na zinki visinyonywe, kwa hiyo ukizitafuna mbichi unapata nusu ya hadithi. Wanaozila wanazikaanga kwanza, wengine wanazisaga wanapika kama kahawa. Wapo pia wanaozinunua kwa ajili ya kukamua mafuta ya kupaka, ulizia mjini kwako kabla hujamwaga, osha, anika juani, jaza gunia.

Mwana_wa_Singida

Mkuu na ng'ong'o je? Tunda la mng'ong'o lile la njano, watu wanakula nyama ya juu wanatupa kokwa, mbuzi ndo wanafaidi.

Mchumi_wa_Sahani

Hilo lilitakiwa uzi wake kabisa. Kwa kifupi nyama ya ng'ong'o ina vitamini C inayopita ya chungwa, na kama wewe ni mtu wa madini ulichotupa ndo chenyewe. Ule mlozi mdogo ndani ya kokwa una magnesiamu zaidi ya miligramu 400 kwa gramu 100 na fosforasi kama 800, hapo ubuyu anakaa benchi. Kazi ni kuibanja ile kokwa bila kujiponda kidole, na ukimaliza kibakuli kizima unakuta umepata kiganja kimoja tu cha kula. Kama kuna mtu huko Singida ana mbinu ya kuzipasua haraka aiweke hapa, na mimi nitaleta namba zilizobaki.